Jina la Mwisho kwenye Orodha

Mama yule alinikuta stejini Awasi, pale magari ya Kericho yanaposimama kushusha watu na kubeba wengine. Mimi sikumjua kwa sura. Yeye alikuwa ameelekezwa: kijana wa kompyuta, mrefu, mkoba mweusi. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za mvua. Kisha akauliza alilokuja kuuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia deni ambalo hana hakika nalo.

"Nyathina, kwani watu walisema nini juu yangu?"

"Watu gani, Mama?"

"Wa chama. Msichana wangu alinifungulia kwa simu. Nyumba ile ya matanga imechangiwa, pesa imejaa. Kwangu ni sifuri. Siku tisa naangalia, sifuri tu. Nikasema, labda kuna mahali niliwakosea."

Mtoto wake wa kiume alikuwa amelazwa Kisumu baada ya ajali ya boda boda, akisubiri kuwekewa chuma mguuni. Nilimwambia nitaangalia. Nilifika nyumbani, nikafungua kompyuta, na hata chai haikuwa imepoa nikaliona kosa. Lilikuwa langu. Watu hawakuwa wamemsahau mama yule. Walikuwa wamebonyeza jina lake, tena wengi, na mimi nilikuwa nimewapeleka kwingine.

Chama chenyewe ni kama kile ambacho kila kijiji kinacho. Watu wanachangiana: matanga, hospitali, karo, paa likibebwa na upepo. Miaka yote mweka hazina, ambaye sote tunamwita Tresha, alikuwa na kitabu chake cha kurasa za mistari, na aliyetoa alitajwa kwa sauti kwenye mkutano. Kisha watu wakatawanyika, huyu Nairobi, yule Mombasa, mwingine Doha, na kitabu kikawa hakitoshi. Nikajitolea kutengeneza ukurasa wa intaneti. Kila nyumba yenye shida ingekuwa na jina lake na kitufe kilichoandikwa "Changia". Wiki ile nyumba zilikuwa tatu: moja ya paa, moja ya mtoto wa hospitali, na ya mwisho kwenye orodha, ya matanga.

Hebu nieleze kilichotokea, na nitajaribu nisimchoshe msomaji ambaye hajawahi kuandika programu.

Ukurasa wa intaneti hukaa ukisubiri. Haujui utabonyeza kitufe lini, wala kama utakibonyeza. Kwa hiyo mwandishi wa programu huacha pale msikilizaji, yaani kipande kidogo cha maagizo kinachoambiwa: wewe kaa hapa, kitufe hiki kikibonyezwa, fanya hivi. Tukio likitokea, kivinjari humwamsha msikilizaji na kumkabidhi habari za tukio lenyewe. Kimebonyezwa nini, wapi, saa ngapi. Basi. Hakimwambii yale uliyokuwa unayajua wewe siku ulipomweka pale, kwamba kitufe hiki ni cha mama mwenye mtoto hospitalini na kile ni cha wafiwa. Hayo ni juu yako kumpa mapema. Sisi huyaita hoja za ziada. Napenda kwamba Kiswahili kimetumia neno hilo hilo, hoja, kwa kitu anachopewa msikilizaji wa programu na kwa kitu anachotoa mtu anapotetea jambo mkutanini.

Njia za kumpa ziko nyingi. Unaweza kumzungushia kitendakazi kingine kinachobeba hoja hizo. Unaweza kutumia bind, iliyoingia rasmi katika JavaScript mwaka 2009, ambayo kazi yake ni kama jina lake, kufunga. Unaweza kuandika jina la nyumba juu ya kitufe chenyewe, msikilizaji akalisoma akiamka. Mimi nilichagua iliyoonekana rahisi. Niliizungukia orodha kwa kitanzi, nyumba moja baada ya nyingine, na kwa kila nyumba nikaweka msikilizaji nikamwambia: ukiamshwa, peleka mchango kwa *familia*.

Shida iko kwenye neno hilo la mwisho. Nililitangaza kwa var, neno la zamani la JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliiunda kwa siku kumi mwezi wa Mei 1995. Ukitangaza kitu kwa var ndani ya kitanzi, hupati kitu kipya kila mzunguko. Unapata sanduku moja tu, na kila mzunguko unatoa kilichomo na kuweka kingine. Wasikilizaji wangu watatu hawakupewa majina matatu. Walionyeshwa njia ya kwenda kwenye sanduku moja. Kitanzi kilipokwisha, ndani ya sanduku lilibaki jina la mwisho kwenye orodha. Na kwa kuwa watu hubonyeza vitufe baada ya kitanzi kwisha, kila aliyebonyeza, popote alipobonyeza, alichangia matanga.

Tangu mwaka 2015 lugha hiyo ina neno let, ambalo hutengeneza sanduku jipya kila mzunguko. Herufi tatu. Nilizijua. Lakini niliandika usiku nikiwa na usingizi, na nilipoujaribu ukurasa nilikuwa na nyumba moja tu kwenye orodha. Penye mtu mmoja, wa kwanza ndiye wa mwisho, na kila kitu kinafanya kazi. Tena simu ya mchangiaji ilipomwomba namba ya siri, ilionyesha akaunti niliyoitunga mimi: N3. N3 ni nyumba ya tatu. Nani angejua? Niliwapa watu nafasi ya kuona kosa, kisha nikaliandika kwa lugha yangu peke yangu.

Sasa swali. Nani alimkosea mama yule? Waliochanga walifanya wajibu wao. Tresha alituma pesa mahali ukurasa ulipomwambia. Ukurasa ulifanya kile nilichouambia, bila kuongeza wala kupunguza. Na mimi nilikuwa na nia njema, nilijitolea hata nauli. Ukizunguka hivi unaweza kumaliza mduara mzima bila kumpata mkosaji, na huku mtu amekaa siku tisa akijihoji.

Sisi tulilelewa kwa kutumwa, kwa hiyo jambo hili halihitaji kompyuta ili lieleweke. Mtoto wa miaka sita anatumwa dukani: sukari robo, chumvi, kiberiti. Anakwenda akiimba njia nzima, sukari robo, chumvi, kiberiti, kwa sababu anajua akijikwaa tu vitu vitatu vitakuwa viwili. Amebeba maneno yenyewe. Lakini kuna siku anaambiwa: "Nenda umwambie akupe ile ya kila siku." Hapo mtoto hakubeba kitu. Amebeba njia ya kwenda kwa kitu, na kitu chenyewe kinakaa kichwani mwa mwenye duka. Siku mwenye duka akiwa ameenda matanga, amemwachia shemeji yake kaunta, mtoto anarudi na majani ya chai badala ya maziwa, na anagombezwa. Angalia nani anagombezwa. Aliyetuma alijua anachotaka, akaona uvivu kukitaja, na lawama ikamwangukia mwenye miguu midogo.

Mwaka 1964 mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, Peter Landin, alilipa jina jambo la kitendakazi kubeba mazingira kilimozaliwa: alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya kufunga. Huku ziwani jambo lenyewe lina umri zaidi ya kompyuta. Mtoto akizaliwa mvua ikinyesha anaitwa Okoth, akiwa msichana Akoth. Akizaliwa usiku ni Otieno au Atieno. Jua likiwa kali, Ochieng' au Achieng'. Mvua ile inakatika jioni hiyo hiyo, lakini Okoth anaibeba hadi kaburini. Miaka sitini baadaye, katikati ya kiangazi, ukimwita, unaita mvua iliyonyesha siku mama yake alipojifungua. Hakuna aliyemwambia abadilishe jina kila hali ya hewa ikibadilika. Hapo ndipo tunaona thamani ya kitu kilichofungwa: dunia inasonga, chenyewe kinabaki na kile kilichokuwa kweli wakati ule.

Ningeishia hapo, somo lingekuwa jepesi: funga kila kitu, taja kila kitu kwa jina lake, usimwachie mtu sanduku. Lakini si kweli kwamba kufunga ndiko haki siku zote. Fikiria Mto Nyando. Mvua ikinyesha huko juu Nandi na Kericho, maji yanashuka kwetu Kano hata kama kwetu hakujanyesha tone. Mwaka 2020 yalifika, mwaka 2024 yalifika tena. Watu wakikubaliana kwamba maji yakipanda wapigie chifu, wanataka kusema chifu atakayekuwepo siku hiyo. Ukiandika ukutani namba ya mtu aliyekuwa chifu siku ya mkutano, umefunga mahali usipopaswa kufunga. Maji yatakuja, simu italia kwa mtu aliyehamishwa zamani. Hapa unataka sanduku, na unataka mtu wa kulibadilisha kilichomo kila mara.

Au chukua miwa, maana trela zake tunazipisha barabarani kila siku. Muwa unapandwa leo na kukatwa baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Mkulima aliyeahidiwa bei, aliahidiwa ipi? Ile iliyotajwa wakati wa kupanda, au itakayokuwa ikitajwa siku ya mzani? Neno "bei" linaweza kubeba zote mbili. Bei ikipanda mnunuzi anakumbuka ya zamani, ikishuka anakumbuka ya sasa, na kila upande una hoja. Ugomvi mwingi ninaoujua kati ya watu waaminifu ni wa aina hii. Hakuna aliyedanganya. Walikubaliana juu ya neno bila kukubaliana kama neno hilo limefungwa au limeachwa wazi.

Kwa hiyo ninachokiona ni hiki. Wajibu wa anayetuma ni kuamua, wakati wa kutuma, nini kifungwe na nini kiachwe wazi, na kumwambia anayetumwa ameamua nini. Kutoamua nako ni kosa, hata ukiwa na nia njema, kwa sababu tukio litaamua kwa niaba yako, na litaamua kwa kushika chochote kilicho karibu. Kwangu kilichokuwa karibu kilikuwa jina la mwisho.

Kenya iliwahi kulitazama swali hili kwa miezi mitano, mwili ukiwa mochari. Wakili Silvano Melea Otieno, maarufu kama S.M. Otieno, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, alisema marehemu alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulisema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kila upande ulileta mashahidi wa kueleza alichowahi kusema mtu huyo akiwa hai. Mchimba kaburi mmoja alisimama kizimbani na kusema S.M. alimwambia atamchimbia kaburi nyumbani. Mke naye alisimama akasema alichoambiwa yeye. Mahakama ya Rufani ikaamua tarehe 15 Mei 1987 kwa upande wa ukoo, na S.M. akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo.

Kesi ile husimuliwa kama vita vya kabila na ndoa, au vya mila na usasa, na vyote hivyo vilikuwamo. Mimi nikiisoma naona pia wasikilizaji waliowekwa miaka mingi kabla, wakiamshwa wote siku moja na tukio moja, kila mmoja akiwa amebeba hoja tofauti. Aliyeziweka hoja hizo hakuwepo tena kusema ipi ni ipi. Inawezekana alisema yote mawili, kila moja kwa mtu wake, kila moja kwa wakati wake, na akiwa mkweli mara zote mbili. Mtu hubadilika. Wakili aliyejua sheria kuliko sisi wote aliacha neno "nyumbani" lifikiwe na tukio likiwa wazi.

Kati ya walioitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu alikuwa mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka michache baadaye, mwaka 1990, alitoa kitabu chake *Sage Philosophy*, kilichotokana na mazungumzo na wazee wenye hekima vijijini. Alitofautisha wazee wa aina mbili. Wako wanaoijua mila yao kikamilifu na kuieleza kama walivyoipokea. Na wako wanaoijua vivyo hivyo, lakini wanaipima, na wakiona imepungukiwa wanasema. Wote wawili ni wenye hekima mbele ya watu wao. Lakini wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa.

Tofauti hiyo inanisaidia. Msikilizaji anayeamshwa ana vitu viwili mkononi: alichopewa mapema na habari za tukio lenyewe. Kipande changu cha programu kilichukua kile cha kwanza na kukifuata kwa upofu. Habari za tukio zilikuwapo. Kivinjari kilimwambia wazi ni kitufe kipi kimebonyezwa, kitufe cha pili, cha mama yule. Mimi sikumwagiza aangalie, naye si mtu, hawezi kuangalia bila kuagizwa. Simlaumu. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu, na wao waliweza.

Nilipomweleza Tresha kosa langu, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Niliona kitu."

"Uliona nini?"

"Mjomba wa yule mtoto. Ndugu ya mama yake kabisa. Jina lake lilikuja kwa matanga. Hakutoa hata shilingi kwa mpwa wake."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikadhani wamekosana mambo ya shamba."

Jibu hilo limenikaa zaidi ya kosa langu mwenyewe. Tresha ni mtu makini, kitabu chake cha zamani hakikuwahi kupotea shilingi. Aliona tukio lisiloingia akilini. Hakuwa na hoja ya kulieleza, kwa hiyo akatunga moja: wamekosana. Kamati nayo iliona nyumba moja imejaa na mbili ziko tupu, ikasema ni kawaida, kwetu matanga huvuta watu kuliko paa. Na mama mwenyewe aliona sifuri, akatunga yake: niliwakosea. Watatu hawa hawakuambiana. Kila mmoja alipoona pengo alilijaza kimya kimya, na hakuna aliyelijaza kwa kudhani kwamba mashine imekosea. Wote walilijaza kwa ubaya wa watu.

Nadhani hapo ndipo jambo la kiufundi linapogeuka kuwa jambo la maadili. Tusipompa mtu habari za kutosha kuelewa kinachomfikia, habari hizo hazibaki tupu. Mtu huziweka mwenyewe, na anaziweka kutokana na kile anachokiogopa. Mwenye jeraha la shamba ataona shamba. Mjane ataona anatengwa. Pesa imekuja bila jina, simu haikupokelewa, salamu haikujibiwa, na tayari hadithi imekamilika kichwani. Kwa hiyo anayepanga mifumo ya watu, iwe ya programu au ya kitabu cha mistari, akisahau hoja moja hajasahau kitu kidogo. Amewaachia majirani kazi ya kubahatisha juu ya roho za wenzao.

Kurekebisha kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. M-Pesa ipo tangu Machi 2007 na tumezoea kwamba kila shilingi ina ujumbe wake. Lakini programu ikimtumia mtu ombi la kulipa kwenye simu yake, jibu linalorudi lina kiasi, namba ya simu, tarehe na namba ya risiti. Sababu haimo. Sababu unatakiwa uwe umeihifadhi wewe, kando ya namba ya ombi, kabla ya kulituma. Mimi niliihifadhi, na kila mahali niliandika N3. Hakukuwa na njia ila kumpigia kila mchangiaji, 38 kwa jumla, na kumuuliza: wewe ulibonyeza nani?

Wengi walikumbuka mara moja, na wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Mzee mmoja wa Doha alicheka, akasema yeye hubonyeza jina la kwanza analoliona, Mungu atagawa. Lakini kuna mmoja alinipa shida. Alikuwa amebonyeza matanga, anakumbuka vizuri. "Lakini sasa matanga yamepita," akasema, "na nimesikia habari ya mtoto. Andika pesa yangu ilikuwa ya mtoto."

Nilitaka sana kukubali. Kila shilingi ingesaidia, naye alikuwa na moyo mzuri. Nikamwambia hapana. Nitaandika ulichokusudia siku ile, na ukitaka kumpa mtoto leo, hiyo ni zawadi nyingine yenye tarehe nyingine. Alinuna kidogo, kisha akatuma mia tano mpya. Bado najiuliza kama nilikuwa mkali bure. Lakini nilikuwa nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine nini hutokea jina lililokusudiwa jana linapofutwa na jina la leo.

Pesa ya matanga ilikuwa imekwisha kutumika: jeneza, gari la kuleta mwili, chakula. Wafiwa waliposikia walituma mtu kusema watarudisha wakiuza miwa. Kamati ilikataa. Mtu hawezi kuombwa arudishe chakula alichowalisha waombolezaji. Akiba ya chama ilifidia sehemu, mimi nikafidia sehemu, kwa miezi minne. Mtoto alitibiwa, anatembea. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, aliandika kwamba wanadamu wana dawa mbili za matendo yao: ahadi, kwa sababu ya kesho isiyojulikana, na msamaha, kwa sababu ya jana isiyoweza kurudishwa. Nimekuwa nikiongea sana juu ya ile ya kwanza, jinsi ya kuweka ahadi ambayo tukio haliwezi kuigeuza. Ile ya pili sikuweza kuiandika kwenye programu. Pesa ilirudi. Siku tisa za mama yule, zile za kuamka asubuhi na kuhesabu watu aliowahi kuwakosea, zilikuwa zimeshatumika.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Nilikuwa nimechapa orodha kwenye karatasi: majina ya waliobonyeza jina lake, tarehe, kiasi. Nilimweleza kosa kwa Kiswahili rahisi, nikaanza kueleza habari ya sanduku, akanikatiza.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Si wao."

"Si wao. Naomba unisamehe."

Hakujibu hilo. Alichukua karatasi, akavaa miwani, akawa anasoma kwa kidole. Kiasi hakukiangalia. Alikuwa anasoma majina. Kila jina alilitamka, "huyu pia", "na huyu", na la kaka yake alilirudia mara mbili. Kisha kidole kikasimama kwa jina la jirani, mwanamke anayeuza omena karibu na daraja.

"Huyu alitoa siku gani?"

Nikamwonyesha tarehe. Ilikuwa siku ya kwanza kabisa, asubuhi, ukurasa ukiwa hata haujamaliza saa mbili.

"Jumapili tulipita naye mlangoni pa kanisa," akasema, "akanisalimia. Nikageuza uso."

Alivua miwani, akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.